Kila tarakimu kwenye kisanduku chake: kwa nini Excel inakugomea

*"Nina orodha ya watu zaidi ya mia nne kwenye Excel. Kila mmoja ana namba ya uanachama yenye tarakimu kumi, na natakiwa kuzihamishia kwenye fomu ya kuchapisha yenye visanduku vidogo, tarakimu moja kila kisanduku. Nimetumia LEFT nikapata tarakimu ya kwanza, nikatumia RIGHT nikapata ya mwisho, za katikati zimenishinda. Namba zinazoanza na sifuri zimebaki na tarakimu tisa na zote zimesogea kushoto. Nilipojumlisha tarakimu kwa SUM jibu likawa 0. Tarehe za kuzaliwa ndizo zimenichanganya kabisa: aliyezaliwa 1 Januari 1990 visanduku vyake vinasoma 3, 2, 8, 7, 4. Tena kuna namba za akaunti zenye tarakimu 16, na zote zinaishia na sifuri. Je, programu yangu imeharibika? Au nikubali tu kuzichapa kwa mkono?"*

Programu yako ni nzima, na tafadhali usizichape kwa mkono. Namba mia nne za tarakimu kumi ni kubonyeza vitufe mara elfu nne, na ukikosea kimoja katikati hutajua hadi mwenye namba aje kulalamika. Umetaja matatizo matano. Manne yanatibika leo hii kwa fomula fupi. La tano, lile la akaunti zinazoishia na sifuri, ni zito kuliko unavyodhani, na nitalifikia. Kwa sasa nakuomba jambo moja: faili la asili ulilopewa usilifute, na usilihifadhi upya.

Tuanze na chanzo, maana ukikielewa utaweza kujitengenezea fomula mwenyewe. Unapoandika 0482 kwenye seli, wewe unaona alama nne zilizopangwa kwa mfuatano. Excel inaona kiasi: mia nne themanini na mbili. Kwa macho ya kiasi, sifuri ya mbele haiongezi wala haipunguzi kitu, kwa hiyo inatupwa papo hapo. Haijafichwa mahali, haipo tena. Namba ya uanachama lakini si kiasi cha kitu chochote. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu. Mimi huwa najiuliza swali moja ninapopokea safuwima ya namba: je, nikijumlisha namba za watu wawili, jibu lina maana? Kama halina, hiyo ni lebo, na lebo huhifadhiwa kama maandishi. Ukiwa na namba za simu, za vitambulisho, za akaunti au za posta, jibu ni lile lile.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwa watu wazoefu kabisa. Mtu anagundua sifuri zimepotea, anaenda kwenye mpangilio wa seli, anaweka umbizo la 0000000000, na sifuri zinarudi machoni. Anafurahi. Kisha fomula zake zinaendelea kutoa tarakimu tisa. Umbizo ni vazi tu. Fomula hailioni vazi, inaona kilichomo ndani ya seli, na ndani bado ni 482130576. Vilevile, kuibadilisha seli iwe ya maandishi baada ya namba kuingia hakurudishi sifuri iliyokwisha kutupwa. Safuwima inatakiwa iwe ya maandishi kabla hujaandika au kubandika chochote, au kila namba itanguliwe na ritifaa, ile alama ya kwenye ng'ombe, ambayo Excel huielewa kama agizo la kuacha alama zote kama zilivyo.

Sasa tarakimu za katikati. LEFT hukata kutoka kushoto, RIGHT hukata kutoka kulia, na inayokata popote ni MID. Inataka kuambiwa mambo matatu: ikate kwenye nini, ianzie alama ya ngapi, ichukue alama ngapi. Kama namba yako iko A2 na unataka tarakimu ya nne, ni =MID(A2,4,1). Ungeweza kuandika fomula kumi namna hiyo, kila moja na namba yake. Ila ukiandika hii kwenye B2 utaandika mara moja tu:

=MID($A2,COLUMNS($B:B),1)

COLUMNS inahesabu safuwima. Kuanzia B hadi B ni moja, kwa hiyo unapata tarakimu ya kwanza. Ukiiburuta kulia hadi C2, ile sehemu inageuka yenyewe kuwa $B:C, yaani mbili, na unapata tarakimu ya pili. Alama ya dola ndiyo inayoshikilia: B yenye dola haisogei, B isiyo na dola inasogea. Dola iliyo mbele ya A inahakikisha kila kisanduku kinaendelea kusoma namba iliyo safuwima ya A hata ukiburuta mbali kiasi gani, na kwa kuwa 2 haina dola, ukiburuta chini kila mtu anasomwa kwenye safumlalo yake. Buruta hadi K, kisha shuka hadi mtu wa mwisho.

Kama kompyuta yako inakataa fomula hii na unajua hujakosea herufi, jaribu kuweka nukta mkato badala ya mkato kati ya vipande. Kompyuta zilizopangwa kutumia mkato kwenye desimali hudai hivyo.

Kwa zile namba zilizopoteza sifuri, zirefushe kwanza ndipo ukate:

=MID(RIGHT("0000000000"&$A2,10),COLUMNS($B:B),1)

Alama ya & ni gundi. Inagandisha sifuri kumi mbele ya 482130576, halafu RIGHT inachukua alama kumi za mwisho tu, na unabaki na 0482130576. Yenye tarakimu kumi kamili haiguswi, kwa sababu sifuri zote zilizoongezwa zinaachwa nje. Utakuta watu wakipendekeza TEXT($A2,"0000000000") kwa kazi hii, na kwa tarakimu kumi inafanya vizuri. Mimi sipendi kuizoea, kwa sababu TEXT ikipewa maandishi yanayofanana na namba huyageuza kuwa kiasi kwanza. Siku utakayoitumia kwenye akaunti ya tarakimu 16 iliyokuwa salama kama maandishi, itaiharibu bila kukuambia.

Njia yangu nayo ina madhara yake, na ni haki uyajue. Ikikutana na namba yenye alama kumi na moja, inakata ya kwanza kimyakimya. Ikikutana na safumlalo tupu, inakujazia sifuri kumi za mtu asiyekuwepo. Na kubwa zaidi: fomula haiwezi kutofautisha namba iliyopoteza sifuri ya mbele na namba ambayo mwandikaji aliruka tarakimu katikati. Zote mbili zina tarakimu tisa, na zote zitapewa sifuri mbele na kuonekana safi. Kwa hiyo kabla ya kurefusha chochote, tenga safuwima moja ya pembeni, andika =LEN(A2), buruta hadi chini, uone urefu wa kila namba. Kumi ni sawa. Tisa, chukua chache uzilinganishe na karatasi au faili la asili, uone kama kweli huanza na sifuri. Nane au saba, zikague moja moja.

Ukikuta LEN inasema 11 ilhali macho yako yanahesabu kumi, kuna nafasi iliyojificha mwanzoni au mwishoni. Namba zilizonakiliwa kutoka kurasa za intaneti huja na nafasi ya aina ya pekee ambayo hata TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiiondoi. Inaondoka kwa =SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""). Hili dogo limewahi kunila nusu siku nzima: tarakimu zote zilikuwa zimesogea kisanduku kimoja kulia, nikawa natafuta kosa kwenye fomula iliyokuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuhusu SUM inayotoa 0: MID hutoa maandishi, hata kama kilichotoka ni 7. Ukisoma seli ni saba, kwa Excel ni alama yenye umbo la saba. SUM ikipita kwenye seli za maandishi huziruka, na ikiziruka zote jibu ni 0. Utashangaa zaidi ukijaribu =B2+C2, maana hiyo itakupa jibu sahihi. Alama ya kujumlisha hulazimisha kila upande ugeuke kiasi, SUM hailazimishi. Ukitaka tarakimu zihesabike, weka alama mbili za kutoa mbele ya MID:

=--MID(RIGHT("0000000000"&$A2,10),COLUMNS($B:B),1)

Ya kwanza inaigeuza kuwa kiasi hasi, ya pili inairudisha kuwa chanya. VALUE nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa fomu ya kuchapisha huhitaji hatua hii hata kidogo, alama inatosha.

Ukiona #VALUE! kwenye kisanduku baada ya hapo, usikimbilie kuifunika kwa IFERROR, fomula inayoweka kitu kingine mahali pa kosa. Mara nyingi kuna herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri, au herufi l mahali pa moja. Kosa hilo linakufanyia kazi nzuri, linakuonyesha namba iliyoharibika kabla haijaingia kwenye fomu ya mtu. Ukiifunika, utachapisha kisanduku kitupu na hutajua.

Tarehe zina maelezo ya namna hiyo hiyo. Excel haihifadhi siku, mwezi na mwaka. Inahesabu siku, ikianza na 1 Januari 1900 kama siku ya 1, na kwa hesabu hiyo 1 Januari 1990 ni siku ya 32874. Unachokiona kwenye seli kama tarehe ni vazi tena. MID ikapita chini ya vazi ikakata hesabu ya siku, nawe ukapata 3, 2, 8, 7, 4. Dawa ni kuigeuza tarehe kuwa maandishi yenye mpangilio unaotakiwa na fomu, kisha ukate. Tuseme tarehe iko M2 na visanduku vinaanza safuwima ya N:

=MID(TEXT($M2,"ddmmyyyy"),COLUMNS($N:N),1)

Hapo utapata 0, 1, 0, 1, 1, 9, 9, 0. Hapa TEXT inafaa kabisa, kwa sababu tarehe ndani yake ni kiasi cha kweli. Fomu ikitaka mwaka utangulie, andika "yyyymmdd". Herufi hizo hutegemea lugha ya kompyuta, kwa hiyo zikikugomea angalia mipangilio ya lugha kwanza.

Kama siku moja utahitaji kutenganisha kiasi halisi, tuseme fedha kwenye fomu yenye visanduku vya elfu, mamia, makumi na mamoja, basi usitumie MID. MID hupanga kutoka kushoto, na kiasi hupangwa kutoka kulia, mamoja chini ya mamoja. Andika 1000, 100, 10 na 1 kwenye B1 hadi E1 kama vichwa, halafu B2 uweke:

=MOD(INT(ABS($A2)/B$1),10)

Chukua 4725 ukiwa kwenye safuwima ya mamia. Igawe kwa 100, ni 47.25. INT inaacha 47. MOD inauliza, 47 ukiigawa kwa 10 kinabaki nini? Kinabaki 7, na saba ndiyo mamia ya 4725. ABS nimeiweka kwa ajili ya namba hasi, kwa sababu INT hushuka kuelekea chini: bila ABS, -47.25 ingekuwa -48, na mamia yako yangesomeka 2. Napenda sana fomula hii. Ni hesabu ya shule ya msingi, thamani ya mahali, na tarakimu zinatoka zikiwa kiasi tayari.

Njia nyingine zipo. Kwenye menyu ya Data kuna Text to Columns, ambapo unachagua upana maalumu na kubofya katikati ya kila tarakimu mbili kuweka mstari wa kukatia. Haihitaji fomula yoyote, lakini inakata mara moja tu: namba ikirekebishwa kesho, visanduku havibadiliki, na kilichokuwa safuwima za jirani kinaweza kufutwa. Fanyia kwenye nakala. Ukiwa na Excel 2021 au Microsoft 365, =MID($A2,SEQUENCE(1,LEN($A2)),1) inajimwaga kulia yenyewe bila kuburuta, na kwenye Google Sheets unaizungushia ARRAYFORMULA. Ni nzuri, ila mwenzako mwenye toleo la zamani hataweza kuifungua ikafanya kazi, ndiyo maana nimekupa ya COLUMNS kwanza.

Sasa zile akaunti.

Excel huhifadhi kila namba kwa biti 64, kwa utaratibu uitwao IEEE 754, na katika hizo ni 53 tu zinazobeba usahihi wa tarakimu. Namba nzima zinahesabika bila kuruka hata moja hadi 9,007,199,254,740,992, na baada ya hapo zinaanza kuachana. Excel imechagua kusimama salama kabla ya mpaka huo: inatunza tarakimu 15, na kuanzia ya 16 inaandika sifuri. Kwa hiyo akaunti zako zote kuishia na 0 si bahati mbaya ya wateja hao. Tarakimu zao za mwisho zimefutwa siku faili lilipofunguliwa au namba zilipobandikwa, na hakuna fomula, umbizo wala programu itakayozitoa kwenye faili hilo. Wachache huenda kweli wanaishia na sifuri, lakini huwezi kujua ni nani.

Kuna watu watakuambia tarakimu ya mwisho inaweza kukokotolewa. Wana sehemu ya ukweli. Namba za kadi za benki, na namba za IMEI za simu, hufuata hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, iliyopata hataza ya Marekani mwaka 1960, ambapo tarakimu ya mwisho hupatikana kutokana na zile za mbele. Lakini hesabu hiyo iliwekwa ili kukamata makosa ya uandishi. Ukiitumia kujazia kilichopotea, unajinyang'anya ukaguzi wenyewe: namba yenye kosa mahali pengine itapewa tarakimu inayoifanya ionekane halali. Na namba nyingi za akaunti wala hazifuati utaratibu huo. Kwenye akaunti za watu, usikisie.

Rudi kwenye chanzo. Kama ulipewa faili la CSV, yaani la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, lifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida kama Notepad, si kwa kulibofya mara mbili, maana kulibofya ndiko kunakoita Excel na kuziharibu tena. Ukiona tarakimu zote 16 humo, umepona. Fungua Excel tupu, nenda Data, leta faili kwa From Text/CSV, na uiambie safuwima ya akaunti ni maandishi kabla haijapakia. LibreOffice hufungua dirisha la kukuuliza jambo hilo hilo. Safuwima ya uanachama nayo iingize hivyo hivyo, na sifuri zako za mbele zitarudi bila kurefushwa na fomula yoyote. Kwa kweli, hiyo ndiyo tiba bora kwa orodha yote, ukiipata.

Ukiona kwenye Notepad nako zinaishia na sifuri, basi ziliharibika kabla hazijakufikia. Hapo acha kuhangaika na fomula, umwendee aliyekutumia orodha, ukae naye kwenye mfumo zilikotoka, na azitoe upya ukiona kwa macho yako. Kama faili hili limeshatumika kulipia watu au kusajili chochote, mwambie msimamizi wako leo, usisubiri umalize kurekebisha. Na ukitafuta msaada kwa mtu wa nje, usimtumie orodha yenyewe wala kuipandisha kwenye tovuti za kugeuza mafaili. Tengeneza safumlalo tano za namba za kubuni zenye tatizo lile lile, moja ikianzia na sifuri, na hizo zitamtosha kukusaidia.

Fomula zikishakaa sawa, nakili visanduku vyote, uvibandike kama thamani kwenye karatasi nyingine, na hiyo ndiyo uipeleke kwenye fomu. Kisha kabla ya kuagiza kurasa mia nne, chapisha tatu: ya mtu ambaye namba yake inaanza na sifuri, ya aliyezaliwa tarehe yenye tarakimu moja, na moja ambayo LEN iliikataa ukairekebisha. Zisome kisanduku kwa kisanduku ukiwa na karatasi za asili mkononi.